Kisanduku cha Nyota Nyekundu

Winfrida Nchagwa ana maoni juu ya programu za kompyuta kama majirani zake wa Nyarero walivyo na maoni juu ya mvua: hayaombwi, hayaishi, na mara nyingi huwa ya kweli. Mkute uani anamenya mihogo na mama yake, muulize tu habari za kazi, atakwambia kwamba programu nyingi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kumwona uso kwa uso anayezitumia. Mwombe akuangalizie simu inayokwamakwama, ataanza kwa kukuuliza ni nani alikudanganya kwamba unahitaji vitu vyote hivyo vilivyomo ndani. Mama yake humwacha aseme mpaka maji yachemke.

Ana miaka thelathini na minne. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akabaki huko miaka sita akiiandikia programu kampuni moja ya wageni. Kampuni hiyo ilikuwa ikijiita familia. Asubuhi moja wafanyakazi arobaini, yeye akiwamo, walipokea barua pepe ya mistari mitatu kwamba familia haiwahitaji tena, na kabla hajafika mstari wa tatu kompyuta ikajifunga yenyewe. Winfrida huisimulia habari hiyo bila kulia wala kucheka. Anasema tu kwamba kwao Nyarero familia ikitaka kukufukuza, angalau inaita kikao kwanza.

Akarudi nyumbani. Akapewa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha mahindi, akafunga sola, akagundua kwamba mtandao unashika vizuri zaidi pembeni mwa dirisha, pale ambapo kuku wanapenda kutagia. Kazi ikaja yenyewe. Raphael, kijana aliyesoma naye chuo, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya watu wanane iitwayo Zizi Data. Alitaka programu ya kusaidia vikundi vya majosho kujua ni ng'ombe gani ameogeshwa, yupi amechanjwa, yupi bado. Winfrida aliipenda kazi hiyo mara moja. Ndiyo aina ya programu anayoiheshimu: ndogo, ina jambo moja, na ng'ombe hapati ugonjwa wa kupe kwa sababu yake. Aliiandika kwa miezi minne, mwenyewe, pembeni mwa dirisha.

Raphael hakuwa mtu mbaya, tusije tukamwonea. Ila alikuwa amekaa sana na watu wenye fedha za kuwekeza, na watu wale hawavutiwi na kupe. Wakamuuliza: hao ng'ombe ni wa nani? Tukijua kila mtu ana ng'ombe wangapi, si tunaweza kuwaletea benki na bima? Raphael akampigia Winfrida, akamwambia aongeze kisanduku kimoja kwenye fomu: Mmiliki. Na kisanduku hicho kiwekwe nyota nyekundu, maana yake usipokijaza, fomu haiendi mbele.

"Raphael, huku kwetu hilo swali haliulizwi hivyo," Winfrida alimwambia.

"Kila ng'ombe ana mwenyewe, Winfrida. Mali bila daftari huisha bila habari." Maneno hayo alikuwa ameyachapisha hata kwenye fulana za kampuni.

Winfrida alikuwa anaihitaji kazi, na Ijumaa ile alikuwa amechoka kubishana. Akaweka kisanduku, akaweka nyota. Ilimchukua dakika tano. Hilo analikiri mwenyewe, na ndilo linalomuuma: hakukosea kwa kutojua. Mgeni angesamehewa. Yeye ni Mkurya wa Nyarero aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe ambao hata baba yake hakuwahi kumwambia ni wa nani.

Maana Wakurya hawalazi ng'ombe wao wote zizi moja. Mwenye akili huwagawa, wawili kwa rafiki huyu, watatu kwa rafiki yule, mbali na nyumbani, ili ugonjwa ukipita au wezi wakija asiamke maskini. Rafiki anawachunga kama wake, anakunywa maziwa, na baada ya miaka anapewa mtamba wa shukrani. Na sharti kubwa ni mdomo. Anayewatunza hatangazi kwamba kwake kuna ng'ombe wa fulani. Akisema, anamvua mwenzake nguo barabarani. Akisema ni wake, amekuwa mwizi. Kwa hiyo akiulizwa, ananyamaza, au anazungumzia mvua, na muulizaji mwenye adabu anaelewa.

Fomu ya Winfrida haikuwa na adabu hiyo.

Miaka miwili ilipita bila neno. Kule Gorong'a kikundi cha josho kiliipenda programu. Ng'ombe walivishwa hereni zenye namba, wakaandikwa mmoja mmoja kwenye kishikwambi, na chanjo zikaenda kwa wakati. Raphael aliwapeleka wageni kuona. Kikundi kingine, cha Nyambureti kule Serengeti, kikaomba nacho kijiunge, na ziara yao ikapangwa Jumanne moja ya mwezi wa saba.

Wiki mbili kabla ya ziara hiyo, bibi mmoja alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya kina Winfrida. Alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga kitenge cha kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Winfrida wa mashine za ng'ombe?"

"Ni mimi, bibi. Karibu ukae."

"Nitakaa nikishasema." Lakini akakaa. "Mimi naitwa Ghati, natoka Gorong'a. Mashine yako imekula ng'ombe wangu."

Habari yake ilikuwa fupi. Mume wake, kabla ya kufa, alikuwa amelaza ng'ombe kwa rafiki yake wa tangu ujana, mzee Waitara. Ng'ombe hao wakazaana. Mume akafa, Waitara akaendelea kuwatunza, na kila alipohitaji, Bibi Ghati aliletewa. Mwezi wa nne Waitara naye akafa. Mtoto wake mkubwa, Mseti, akarudi kutoka Mwanza alikokuwa fundi magari, akae kwenye boma la baba yake, tata kwa Kikurya. Sasa ukoo ulikuwa umepanga siku ya kugawa ng'ombe wa marehemu kwa watoto wake. Bibi Ghati alipokwenda kumkumbusha Mseti kwa upole kwamba wengine mle zizini si wa baba yake, Mseti alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa karatasi. Orodha ya josho. Kila hereni, na mbele yake: Mmiliki, Waitara.

"Hakunitukana," bibi alisema. "Angenitukana ningejua la kufanya. Aliniambia, 'Bibi, tata alisema mwenyewe, imeandikwa, mimi nifanyeje?' Na walioshuhudia wakati wanalazwa ni mume wangu na Waitara. Wote wako chini ya udongo."

Msomaji atataka kujua ng'ombe hao walikuwa wangapi. Na aendelee kutaka. Hesabu ya ng'ombe wa mtu haitolewi hovyo, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Bibi Ghati alipoondoka, Winfrida hakugusa chakula. Aliona aibu, aibu ile ya moto inayopanda masikioni. Alijua vizuri kwamba anaweza kumaliza jambo hili bila kuinuka kwenye kiti. Programu ilikuwa yake; amri moja tu ya mstari mmoja, na jina la Waitara lingeondoka, la Ghati likakaa. Alimpigia Raphael, na Raphael akamwambia hilohilo.

"Rekebisha kimyakimya. Dakika moja. Wanachapisha orodha mpya, bibi anapata ng'ombe wake, yameisha."

"Nikiweza kumpa kwa dakika moja, naweza kumnyang'anya kwa dakika moja. Mseti atakuwa na karatasi yake na bibi atakuwa na ya kwake. Nani atasema ipi ni ya kweli? Mimi? Mimi ni nani?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kwenda kuwaambia tulikosea."

"Winfrida, watu wa Nyambureti wanakuja. Tuko watu wanane tunaotegemea hilo. Ukisimama mbele ya kijiji ukasema mfumo wetu unaandika uongo, usinitegemee kukutetea."

Hapo ndipo panapozaliwa yale maoni yake makali kuliko yote. Anasema ufundi wake huu una ugonjwa wa kutojua kuomba radhi. Seremala akikutengenezea kiti kikakuangusha, anakuja kwako na kofia mkononi. Mwandishi wa programu akikuangusha anakuletea toleo jipya, na anakutaka ushukuru.

Usiku huo alilala vibaya, na asubuhi akafanya jambo ambalo angelifanya mwanzo kama asingekuwa amekasirika: akafungua kumbukumbu za makosa. Kila programu anayoiandika huweka daftari la siri ambamo hujiandika yenyewe kila inapokwama, saa na dakika, ili fundi aje asome. Daftari hilo huwa halisomwi na mtu. Akatafuta siku ile ya miaka miwili nyuma, boma la mzee Waitara, Gorong'a. Akasoma mpaka chini. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akamwita mama yake aje ampe maji.

Ritongo, ule mkutano wa jamii ambako watu wa huko hulipeleka jambo lililowashinda wenye jambo, uliitishwa Alhamisi saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa karibu na josho. Aliyeuongoza ni Simioni, mfyatua matofali, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hapendi maneno marefu. Bibi Ghati alikaa na wanawake wa kanisani. Mseti alikaa na wadogo zake, karatasi imekunjwa mfuko wa shati. Afisa mifugo Ildefonce, mtu wa Kagera aliyehamishiwa huko miaka mitano iliyopita, alisimama pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kishikwambi siku ile ya kuandika.

Winfrida alisimama na kompyuta yake mikononi.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye niliyeiandika hii mashine. Nimekuja kusema kwamba karatasi ya Mseti ina kosa, na kosa ni langu."

Minong'ono ikaanza. Mseti akainuka. "Dada, kompyuta inaweza kuongopa?"

"Haikuongopa. Ililazimisha. Niliweka swali ambalo mtu hawezi kulipita bila kujibu." Akamgeukia afisa mifugo. "Bwana Ildefonce, unakumbuka siku ile kwa mzee Waitara?"

Ildefonce alijikuna shingo. "Nakumbuka. Tulianza vizuri. Nauliza huyu wa nani, ananijibu wangu, wangu, wangu. Tukafika kwa wengine, akanyamaza. Nikauliza tena. Akaniambia, 'Huyo mwache, endelea na mwingine.' Nikamwambia mzee, mashine haiendelei. Nikajaribu kuacha wazi, ikagoma. Jua lilikuwa kali, na mimi ni mgeni, nikadhani amechoka. Mwishowe akaniambia, 'Basi andika unavyotaka.' Nikaandika jina lake. Naomba mnisamehe."

"Na mashine iliandika kila ilipogoma," Winfrida alisema. "Ninayo hapa. Kwa ng'ombe wengi wa boma lile, jina liliandikwa papo hapo. Kwa wengine, kisanduku kiliachwa kitupu, kikakataliwa. Kikaachwa kitupu, kikakataliwa. Mara tatu kila ng'ombe, ndipo jina likaingia. Ninayo rangi na alama ya kila mmoja wao. Sijamwonyesha mtu, hata bibi. Mwenyekiti, namwomba Bibi Ghati awataje wa kwake, halafu tulinganishe."

Kumtaka mtu ataje ng'ombe wake mbele ya kijiji kizima si jambo dogo. Simioni alimtazama bibi, akamwachia aamue. Bibi Ghati alisimama polepole, akavuta kitenge, na alipoanza kusema hakumtazama mtu. Alitazama ng'ambo ya josho, kule kwenye zizi la Waitara.

"Yupo mwekundu mwenye pembe iliyopinda kuelekea jicho. Yupo mweupe wa masikio meusi, huyo nyanya yake alikuja kwetu na mahari ya wifi yangu." Akaendelea. Hakuhesabu kwa kidole hata mmoja. Kila alipomtaja mmoja, Winfrida alitazama kompyuta na kusema, "Yupo." Ildefonce alikuja akasimama nyuma yake, akawa anasoma naye, na kila mara anaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekosekana.

"Ni hao," bibi akasema, akakaa.

"Bibi," Winfrida akasema, "hapa amebaki mmoja. Ndama jike, mweusi, ana baka jeupe kwenye paji. Naye kisanduku chake kiligoma mara tatu."

Bibi Ghati alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na nani angembishia? "Huyo simfahamu," alisema. "Huyo si wangu."

Mnong'ono ukaanza tena, safari hii wa mashaka: kumbe hesabu ya mashine nayo haijakaa sawa. Lakini Mseti alikuwa amesimama. Alikuwa ameitoa karatasi mfukoni, ameishika tu bila kuifungua.

"Namjua huyo," alisema. "Sasa ni mtamba. Mpaka leo anatembea nyuma ya yule mwekundu wa pembe iliyopinda. Ni mtoto wake." Akamgeukia bibi. "Bibi, siku wanaandikwa alikuwa bado mdogo sana. Tata hakuwa amekwambia kwamba amezaliwa?"

"Hakuwa ameniambia. Nilikuwa naumwa mwaka ule, nililazwa, na baada ya hapo hatukukaa tena tukawataja."

"Hukujua yupo," Mseti alisema. "Hakuna mtu aliyejua. Na bado tata hakusema ni wake."

Mseti alikuwa amekaa Mwanza miaka kumi na mbili, akaja akamzika baba yake kwa haraka haraka, na tangu arudi watu walikuwa wakimwambia sifa za mzee kama zinavyosemwa sifa za kila marehemu. Sasa alikuwa anamwona: mzee amesimama juani, kijana wa serikali anamsumbua, mashine inang'ang'ania, na yeye hataki kusema neno moja dogo ambalo lingempa ndama wa bure. Mseti alikaa chini akafunika uso kwa karatasi ile ile. Wadogo zake wakatazama pembeni, ili wasimwone kaka yao analia. Winfrida naye alikuwa analia, na hakuficha.

Simioni aliwaacha kidogo. Kisha akauliza, kwa kifupi chake, kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mwenye neno.

"Bibi," Mseti alisema alipoweza, "tuma watu wako hata kesho waje wawachukue. Pamoja na huyo mtamba."

Bibi Ghati akamkodolea macho kama mtu aliyeambiwa upuuzi. "Niwachukue niwapeleke wapi, mura, kijana wangu? Kwangu kuna malisho? Mimi nimekuja kusema ni wangu, sikuja kusema wanahama. Baba yako aliwatunza vizuri. Na kwako wewe nimewaona leo, hawajakonda. Wakae."

Mseti aliinuka, akaenda akamshika bibi mikono yote miwili, na hapakuwa na haja ya maneno mengine. Watu wakaanza kunyanyuka. Simu ya Winfrida ilikuwa inatetemeka mfukoni. Alijua ni Raphael, habari zimeshamfikia, na alijua pia kwamba mazungumzo hayo hayatakuwa mazuri na kwamba kufikia Jumanne ya ziara huenda hana kazi. Akaiacha itetemeke. Akachukua kishikwambi kwa Ildefonce, akafungua orodha ya boma lile, akamfuata bibi.

"Bibi, lile jina la Waitara nimelitoa kwa ng'ombe wako. Na ile nyota nimeifuta, kisanduku hakigomi tena. Sasa unataka niandike nini hapo?"

Bibi Ghati alikigonga kile kioo kwa kidole.

"Hii mashine mlituletea ya nini?"

"Ya chanjo, bibi."

Bibi akamgeukia afisa mifugo. "Wamechanjwa?"

"Wamechanjwa wote, mama."

"Basi andika wamechanjwa," bibi alisema, akaanza kwenda zake. "Hayo mengine tunayajua wenyewe."